Njia Nyepesi za Kilwa na Lindi

Mwenye kushuka mashuani kwenye ufuo wa Kilwa Kisiwani hakabiliwi na kazi kubwa ya miguu. Kutoka Kilwa Masoko mashua huvuka mlango wa bahari kwa muda mchache, upepo ukiwa na radhi, na mgeni akishatia unyayo mchangani hukuta Gereza limesimama mbele yake, na nyuma ya Gereza kinaanza kijia. Kijia hicho hakina kilima cha kutaja wala bonde la kutisha. Kinapita baina ya mibuyu na migomba, kinagusa nyua za watu, kinampisha mbuzi na mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani, kisha kinafika Msikiti Mkuu. Hapo mtu aweza kukaa kivulini chini ya makuba, akapumzika, halafu akaendelea kwenye kasri la Makutani, au akageuka mashariki kiasi cha maili moja hadi Husuni Kubwa, juu ya jabali linalotazama bahari. Asubuhi moja yatosha kwa yote hayo. Mzee mwenye fimbo aweza kuyafanya, na mtoto pia.

Wepesi huo ndio unaohitaji kuangaliwa kwa jicho la pili. Njia ikishakuwa nyepesi huelekea kusahau waliyoikanyaga ilipokuwa nzito.

Huko Ufaransa, nchi ambayo jina lake litarudi tena katika habari hizi, vijia vya mashambani vimegeuzwa starehe yenye utaratibu. Tangu mwaka 1947 wapenzi wa kutembea wamekuwa wakipaka alama ya mstari mweupe na mwekundu juu ya miti, mawe na kuta, na mtu wa Paris mwenye likizo ya siku nne aweza kufuata alama hizo kutoka kijiji hadi kijiji bila ya kuuliza mtu. Njia zile zilikuwa za wachungaji, za mahujaji na za wachuuzi kabla ya kuwa za watu wa likizo. Pwani ya kusini ya Tanzania haikupakwa rangi. Anayetembea baina ya Kilwa na Lindi huongozwa na watu, na ndiyo maana huko bado inapasa kusalimia kabla ya kuuliza njia.

Matembezi ya kale kabisa ya Kilwa ambayo habari zake zimeandikwa ni mafupi sana: ni ya kutoka msikitini kwenda nyumbani. Ibn Battuta alifika mji huo mwaka 1331, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake. Msafiri yule asimulia kwamba siku ya Ijumaa, sultani alipokuwa ametoka kusali na anarejea kwake, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizozivaa. Sultani hakumwambia fakiri aje kesho. Alirudi msikitini, akavua, akavaa nguo nyingine, akampa zile za mwanzo. Watu wakazidi kumsifu kwa unyenyekevu wake. Kisha mwana wa mfalme akazichukua tena nguo zile kwa fakiri na badala yake akampa watumwa kumi. Na sultani aliposikia jinsi watu walivyoisifu sadaka yake, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki aghalabu husimuliwa kama kisa cha ukarimu, na bila shaka ukarimu umo. Lakini msomaji wa leo hawezi kupita juu ya watumwa ishirini kama apitavyo juu ya nguo. Watu hao walikuwa wamefika kisiwani kwa njia fulani. Pembe nazo hazikuota ufukoni. Msikiti ule ambao al-Hasan aliupanua kwa nguzo na makuba, na lile jumba la Husuni Kubwa lenye birika la pembe nane, na sarafu za shaba zilizochongwa majina ya masultani kwa vina, vyote vilitegemea bidhaa zilizotoka mbali: dhahabu ya Sofala iliyokuja kwa bahari, na pembe zilizobebwa mabegani. Neville Chittick, aliyeuchimba mji huo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na akachapisha matokeo yake mwaka 1974, aliutoa udongoni mji wa wafanyabiashara, pamoja na vigae vya China na vya Uajemi. Vigae husalia. Nyayo hazisalii, na kwa sababu hiyo historia ya Kilwa imeandikwa zaidi kwa upande wa bahari kuliko upande wa bara.

Wareno waliuteka mji mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Gereza linaloonekana leo ni la Waomani, la mwanzo wa karne ya 19, ingawa neno lenyewe ni la Wareno: wao waliita kanisa *igreja*, na kinywa cha Mswahili kikaligeuza kanisa kuwa kifungo. Lugha nayo ina ucheshi wake.

Mfaransa wa Kilwa hakuja kutembea. Jina lake Jean-Vincent Morice, na tarehe 14 Septemba 1776 alitiliana mkataba na Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa. Sultani aliahidi kumpatia watumwa elfu moja kila mwaka, kwa bei ya piasta ishirini kwa kila mtu, pamoja na piasta mbili za heshima kwa mfalme. Mkataba uliandikwa kuwa wa miaka mia. Watu hao walikuwa wakitakiwa katika mashamba ya visiwa vya Wafaransa, yaani Île de France, ambayo leo ni Morisi, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Mtu akiusoma mkataba ule huona kwamba haukutaja njia hata mara moja. Bei imetajwa, idadi imetajwa, zawadi imetajwa, na pia kwamba Mzungu mwingine asiuziwe. Lakini namna watu elfu moja watakavyofika ufukoni kutoka bara hilo ni jambo ambalo pande zote mbili zililiona la kujiendea lenyewe.

Halikujiendea. Katika karne ya 19 kazi hiyo ilihamia Kilwa Kivinje, mji wa bara kaskazini ya kisiwa, ambao jina lake linakumbusha mivinje. Kilwa Kisiwani ilikwisha nguvu. Sultani wake wa mwisho alichukuliwa uhamishoni Maskati katika miaka ya 1840, na mamlaka yote yakawa ya Unguja. Kivinje ikawa mlango wa njia kuu ya kusini, iliyokwenda magharibi zaidi ya kilomita 500 hadi Ziwa Nyasa na nchi za ng'ambo yake.

Njia hiyo haikuanza kama njia ya watumwa. Wayao walikuwa wakiikanyaga zamani kwa pembe, tumbaku, majembe na ngozi, na kurudi na nguo, chumvi na shanga. Yohanna Abdallah, padri wa Kiyao aliyeandika historia ya watu wake kwa lugha yao, kitabu kikatoka mwaka 1919, aeleza kwamba kwenda pwani kulimpa mwanamume jina, na kwamba mke aliyebaki nyumbani alishika miiko hadi mumewe arudi. Ni safari iliyokuwa na heshima yake. Msafara ulikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele, ulikuwa na nyimbo, ulikuwa na vituo vya maji vilivyojulikana kwa majina. Kwa hiyo si haki kuitazama njia ya Nyasa kana kwamba haikujua ila minyororo. Lakini kadiri mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalivyopanuka, na kadiri visiwa vya Wafaransa na nchi za Ghuba zilivyozidi kudai, ndivyo mzigo wa njia ulivyogeuka, mpaka mpagazi mwenye pembe begani na mtu mwenye kongwa shingoni wakawa wanaandamana, na mara nyingine mtu mmoja akawa yote mawili: abebe pembe hadi pwani, kisha auzwe pamoja nayo.

Hesabu za forodha ya Kilwa zilizokusanywa na Waingereza zaonyesha kuwa baina ya mwaka 1862 na 1867 walipitishwa hapo zaidi ya watumwa 90,000, wengi wao wakiletwa Unguja. Hizo ni hesabu za waliolipiwa ushuru. Waliokufa njiani hawakulipiwa ushuru, na waliopitishwa kwa siri hali kadhalika.

Mzungu wa kwanza kuifuata njia hiyo hadi ziwani na kuacha jina lake alikuwa kijana wa Kijerumani, Albrecht Roscher. Aliondoka Kilwa mwaka 1859, akafuatana na msafara wa wafanyabiashara, akiwa mgonjwa sehemu kubwa ya safari, na tarehe 19 Novemba akaliona Ziwa Nyasa, miezi miwili tu baada ya Livingstone kulifikia kwa upande wa kusini. Mwezi Machi 1860 aliuawa karibu na ziwa. Waliodaiwa kumwua waliletwa Unguja nao wakauawa mwaka huo huo. Roscher ana ukurasa wake katika vitabu vya wavumbuzi. Lakini njia aliyopitishwa, akiwa hajiwezi, ilikuwa ikijulikana na maelfu ya watu waliotangulia.

Mwaka 1873 ndio uliogeuza uso wa njia. Mwezi Juni mwaka huo Sayyid Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja na kuharamisha kuwasafirisha kwa bahari. Wengi waliosoma habari hiyo wameishia hapo, kama kwamba kalamu ilikata minyororo. Ilichokata ni usafiri wa jahazi. Na mwaka uliotangulia, 1872, kimbunga kilikuwa kimeng'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba karibu yote, hata bei ikapanda na haja ya mikono ikazidi. Wafanyabiashara wakafanya walichoweza: wakawatembeza watu. Kutoka Kivinje misafara ilielekea kaskazini kwa nchi kavu, ikipita nyuma ya mikoko, ikavuka mito ya delta ya Rufiji, ikapita karibu na Dar es Salaam na kufika hadi Pangani, na kutoka huko watu wakavushwa usiku kwa vyombo vidogo kuingia Pemba.

Frederic Elton, afisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza, aliifuata njia hiyo kwa kinyume chake, kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, mwishoni mwa mwaka 1873 na mwanzoni mwa 1874. Katika muda wa mwezi mmoja alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 waliopishana naye au aliopata habari zao, wakienda kaskazini. Hapa ndipo jambo la wepesi linapoingia tena. Njia ya pwani ni tambarare. Ina kivuli, ina vijiji, haina milima. Mtembezi wa leo akipewa wiki mbili na chakula cha kutosha angeiona ni ya raha. Lakini waliohesabiwa na Elton walikuwa wamekwisha tembea kutoka Nyasa. Pwani ya bahari, ambayo zamani ilikuwa mwisho wa mateso ya miguu, sasa ilikuwa nusu yake tu. Mkataba wa kupunguza maovu uliwaongezea wao kilomita mia kadhaa. Barghash alitoa amri nyingine mwaka 1876 za kuzuia misafara ya watumwa nchi kavu, na biashara ikapungua, ingawa haikukoma kwa siku moja.

Habari hii ni ya wasomaji wa visiwani kuliko wanavyopenda kuikumbuka. Katika mashamba ya Unguja na Pemba, Mnyasa na Myao walikuwa miongoni mwa makabila yaliyotajwa sana, na vijukuu vyao leo ni watu wa visiwa kama wengine, wenye lahaja ya visiwa na mila za visiwa. Ambaye mtu wake mmoja alifika Pemba katika miaka ile alikuwa na mhenga aliyeyapita kwa miguu matope ya Rufiji. Ziko nasaba zinazohifadhiwa tangu Hadhramaut na Shirazi. Nasaba za kupitia Kivinje hazihifadhiwi kwa bidii hiyo.

Kivinje yenyewe ni mji wa kutembea polepole. Nyumba za mawe zenye milango ya kuchonga zimeinama, boma la Wajerumani limechakaa, na kuna mnara mdogo wa kuwakumbuka Wajerumani wawili waliouawa hapo mwaka 1888, watu wa pwani walipoinuka dhidi ya kampuni yao. Mahali pengine pa mji huo paitwa Mwembe Kinyonga. Hapo ndipo aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwezi Novemba 1895, pamoja na wenziwe, baada ya kuwapinga Wajerumani kwa miaka kadhaa. Makunganya alikuwa mwenye nguvu juu ya njia za misafara, na utajiri wake ulitoka humo, watumwa wakiwemo. Wanaomwandika shujaa mtupu na wanaomwandika mfanyabiashara ya watumwa mtupu wote wamechukua nusu ya mtu.

Baada ya mwembe, njia zilipata bwana mpya na mizigo mipya. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898. Baadaye yakaja mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na kazi ya kufyeka barabara ambayo jumbe aliigawa na akida aliisimamia kwa kiboko. Watu wa milima ya Matumbi, nyuma ya Kivinje, wakaanza kutembea kwa sababu zao wenyewe. Walikwenda Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, wake kwa waume, makundi kwa makundi, na walioulizwa njiani na watu wa serikali walijibu kuwa wanafuata dawa. Kwa mwaka mzima vijia vya Matumbi na Rufiji vilijaa watu ambao hawakubeba pembe wala pamba. Ni vigumu kupata katika historia ya sehemu hizo matembezi mengine ya wingi huo ambayo hakuna bwana aliyeyaamuru.

Mwezi Julai 1905 wakang'oa pamba huko Nandete. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini vita vilikuwa vimekwisha toka mikononi mwa mtu mmoja. Siku kumi baadaye, tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss na wamisionari wenziwe wanne, ambao walikuwa wameanza safari ya bara kutokea Kilwa, waliuawa Mikukuyumbu, juu ya njia ya zamani ya misafara. Vita vikaenda hadi Songea na Mahenge, na jeshi la Wajerumani likajibu kwa kuchoma vijiji na ghala. Makadirio ya wanahistoria hufika watu 250,000 hadi 300,000 waliokufa, wengi wao kwa njaa. Mjini Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini alivitungia utenzi vita hivyo, na nakala yake pamoja na tafsiri ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1957. Nchi iliyobaki nyuma ilikuwa tupu kiasi kwamba vijia vya miguu vya karne nyingi vilimezwa na pori.

Katika pori hilo, mwaka 1906, vita vikiwa havijesha, fundi wa migodi wa Kijerumani aitwaye Bernhard Sattler aliona mfupa mkubwa kupita kiasi ukichomoza njiani, chini ya kilima cha Tendaguru, yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Lindi. Wamwera wenyeji walikuwa wakiijua mifupa hiyo. Jumba la makumbusho la Berlin lilileta watu wake mwaka 1909, na hadi 1913 wakachimba mifupa ya wanyama wa miaka milioni 150 iliyopita, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema. Waliochimba kwa mikono yao ni Waafrika, wakati mwingine wapatao 500 kwa msimu, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, ambaye alijua kuutambua na kuuhifadhi mfupa kuliko wageni wengi waliopita pale. Wengi wa wafanyakazi walikuja na wake na watoto, na kijiji kikaota kilimani.

Hapakuwa na reli wala gari. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilikwenda Lindi juu ya mabega, kwa njia ya mguu ya siku nne hivi, na huko zikapakiwa melini. Mpagazi alichukua kiasi cha kilo 30. Mfupa mrefu ulifungwa kwa mianzi na kubebwa na watu kadhaa, mti begani, hatua zao zikifuatana kwa wimbo, maana mmoja akikosea hatua wote huyumba. Mizigo ilihesabiwa kwa maelfu. Mtu anayeifahamu desturi ya misafara ya Nyasa angeitambua safu hiyo kwa mbali: mwendo ni ule ule, vituo vya maji ni vile vile, na wengi wa wabebaji walikuwa watoto au wajukuu wa waliobeba pembe. Tofauti ilikuwa ujira. Mdogo, lakini ujira. Na katika nchi iliyokwisha kwa njaa miaka minne iliyotangulia, ujira huo ulikuwa chakula.

Mnyama mmoja miongoni mwa waliobebwa hivyo alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na baada ya kusimamishwa upya mwaka 2007 kimo chake ni mita 13.27. Watoto wa shule wa Kijerumani humtazama kwa kuinua videvu. Watanzania wamekuwa wakiuliza mara kwa mara kama mnyama huyo asingefaa kurudi, na wapo wanaojibu kwamba hakuna jengo la kumweka. Jibu ambalo mtu wa Lindi aweza kulipokea kwa tabasamu, kwa kuwa alipokuwa akiondoka hakuna aliyeuliza kama kuna barabara.

Mwaka 2007 mtaalamu wa mifupa wa Kijerumani alimpa mnyama mmoja wa Tendaguru jina la *Australodocus bohetii*, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Mwaka 2019 mwingine akaitwa *Wamweracaudia keranjei*, kwa kuwakumbuka Wamwera na Mohammadi Keranje, msimamizi wa uchimbaji. Miaka mia moja ni kungoja kwingi, lakini majina hayo sasa yamo katika Kilatini cha wataalamu na hayatatoka.

Daraja la Rufiji, lililopewa jina la Rais Mkapa, lilifunguliwa mwaka 2003, na mabasi ya kusini yakaacha kusubiri kivuko. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004 na kutolewa humo mwaka 2014, baada ya kuta kutiwa chokaa upya na mikoko kupandwa mbele ya mawimbi. Mtembezi huchukua kibali chake ofisini Masoko, huvuka kwa mashua, na akienda Songo Mnara hushuka majini na kupita matopeni hadi magotini kabla ya kufika kwenye kijia kikavu. Anayemwongoza aghalabu ni kijana wa kisiwani. Atamwonyesha Gereza, msikiti, kaburi la masultani na birika la pembe nane, na jua likianza kuwa kali atamkumbusha kuwa maji yanakupwa na mashua haingoji.